Gia ya tano kwenye HJ47 ya Mzee

Kama umewahi kupanda pikapu ya zamani ya Land Cruiser kutoka Karatu kwenda Arusha utanielewa. Ukishamaliza mteremko wa Mto wa Mbu ukavuka Makuyuni, lami imenyooka mbele yako karibu kilomita 80, hakuna mlima wa maana, hakuna kona ya kutisha, na gari iko gia ya nne na baada ya hapo hakuna gia nyingine. Injini inalia. Ukifika 80 ndani hamuongei tena, mnapiga kelele, na mguu wenyewe unaona huruma unaachia mafuta mpaka 65, basi mabasi yanawapita, Noah zinawapita, mnafika Arusha masikio yanavuma kama mmetoka mashineni.

Hiyo ndo ilikuwa hali ya pikapu ya Mzee. Ni HJ47 ya 1982, injini 2H, dizeli, silinda sita, cc 3,980. Mzee aliinunua kwenye mnada wa gari za mradi miaka ya tisini na imebeba vitunguu vya Mang'ola, imebeba mahindi, imebeba maharusi, imebeba na wagonjwa usiku wa manane wakati Karatu gari za kukodi zilikuwa za kuhesabu. Mimi nimejifunzia udereva humo. Kwa hiyo ninavyoandika hapa mjue siandiki kama mtu aliyeinunua juzi kwa ajili ya kupiga picha.

Sasa kila fundi niliyemuuliza kuhusu ule mlio alinijibu kitu kimoja, toa hiyo 2H weka 1HZ. Kila mtu. Mpaka jamaa wa kituo cha mafuta. Na mi siisemi vibaya 1HZ, ni cc 4,164, ina nguvu zaidi, spea zimejaa kila duka, na gari nyingi za watalii unazoziona Arusha zinatembelea hiyo hiyo. Ila 2H yetu ilikuwa haina tatizo! Asubuhi ya baridi ya Karatu inawaka, haili oili, haitoi moshi wa bluu, na taiming yake ni ya gia tupu haina mkanda wa kubadilisha. Unatoaje injini nzima kwa kosa ambalo haijalifanya? Mi nilikaa nikafikiri, nikaona kinachokosekana hapa ni gia ya tano, basi.

Nikapiga hesabu kwenye karatasi. Tairi zetu ni 7.50-16, difu ni 4.11, gia ya nne ni moja kwa moja, yaani shafti ya injini na propela vinazunguka sawa. Kwenye spidi 80 inakuja kama mizunguko 2,200 na ushee kwa dakika. Ile giaboksi ya gia tano ya Toyota inayoitwa H55F, gia yake ya tano ni 0.845, yaani propela ikizunguka mara moja injini inazunguka mara 0.845 tu, kwa hiyo kwa spidi ile ile 80 injini inashuka mpaka karibu 1,900. Mizunguko zaidi ya mia tatu imeondoka kila dakika na gari inaenda vile vile. Nikamwonyesha Mzee ile karatasi akaiangalia muda mrefu, akasema, "Mwanangu, na mlima wa Mto wa Mbu je? Usije ukaniletea giaboksi ya kukimbilia tu."

Swali lake lilikuwa la msingi sana na ndo sababu naipenda hii H55F. Giaboksi yetu ya zamani, H41, gia ya kwanza ilikuwa 4.925, gia nzito ya kupandia, gari ikiwa na mzigo unaiweka inapanda taratibu kama punda haina wasiwasi. Gia ya kwanza ya H55F ni 4.843. Ya pili ilikuwa 2.643, kwenye hii ni 2.618. Ya tatu 1.519, kwenye hii 1.516. Ya nne moja kwa moja zote mbili. Yaani unaona? Hujanyang'anywa kitu, gia zako nne ziko pale pale halafu umeongezewa moja. Ndo maana kwa mtu mwenye HJ47 anayebeba mzigo naona hakuna badiliko lingine linalolingana na hili. Ila mtu mwenye H42, ile giaboksi nyingine ya gia nne, aangalie vizuri, maana hiyo gia yake ya kwanza ni 3.555, nyepesi, yeye akiweka H55F ataona tofauti hata mlimani.

Kutafuta giaboksi kulichukua miezi minne. H55F zimefungwa kwenye Land Cruiser za aina nyingi, HJ60, HJ75, mpaka hizo za 1HZ, lakini usikimbilie ukiona jina tu. Mi nilitaka iliyotoka kwenye 2H kwa sababu nilitaka belihauzingi yangu (ile nyumba ya klachi inayounganisha injini na giaboksi) ibaki, klachi yangu ibaki, stata ibaki. Nikipigiwa simu swali langu la kwanza lilikuwa imetoka kwenye injini gani, na wengi hapo hapo wanaanza kubabaika. Mwisho nikaipata Arusha kwa muuza spea mmoja, imetoka kwenye HJ75, iko pamoja na transfa yake, lile boksi la fo-wili linalokaa nyuma ya giaboksi. Bei yake ungenunua Boxer mpya ukabakiwa na hela ya mafuta. Aliniapia haijawahi kufunguliwa.

Hapa nataka nikae kidogo maana hapa ndo watu wanaliwa. Ukinunua giaboksi yoyote iliyotumika, kabla hujatoa hela omba ndoo, fungua nati ya chini, mwaga oili yote uiangalie juani. Mi sikufanya hivyo, niliona aibu mbele ya yule mzee wa watu na foleni ya wateja. Nilivyoifikisha gereji ndo tukaimwaga, oili ikatoka inang'aa, ina unga wa shaba kama rangi ya dhahabu mnayopaka kwenye kadi za harusi. Shaba ikionekana hivyo ujue ringi za sinkro, zile zinazofanya gia iingie bila kukwaruza, zimeliwa. Tukaifungua. Ringi ya gia ya pili na ya tatu zilikuwa zimekwisha, na unajua kwa kuibana ringi kwa vidole kwenye koni ya gia yake, inatakiwa ibaki nafasi ndogo kati ya ringi na gia, unaipima kwa fila geji, hizi zetu zilikuwa zinagusa kabisa hakuna nafasi. Nilimrudia muuzaji akaniambia mali ikishatoka dukani imetoka. Nilirudi nyumbani hata chakula hakipiti. Ringi zikaagizwa Dar zikapandishwa basi, pamoja na beringi za shafti zote na sili zote, maana ukishafungua giaboksi huwezi kuifunga na beringi za zamani, utajilaumu.

Kizuri ni kwamba meno ya gia zenyewe yalikuwa safi. Na shafti kuu ya nyuma, ile inayoingia kwenye transfa, nilikagua meno yake kwa kidole moja moja. Hizi H55F zina ugonjwa unaojulikana, meno ya ile shafti na gia ya transfa inayokaa juu yake yanalika taratibu, ndo ule mlio wa "ko!" unaousikia ukiachia mafuta na kukanyaga tena. Yetu ilikuwa imelika kidogo sana, inakubalika.

Na kuhusu transfa nilijifunza kitu. Wazo langu lilikuwa nitumie transfa ya kwetu kwa sababu levi zake za fo-wili zinakaa sawa na sakafu ya gari. Haikuingia. Shafti ya nyuma ya giaboksi ya gia tano ni nene kuliko ya ile ya gia nne, na meno yake ni mengine. Ungeweza kubadilisha gia ya ndani ya transfa, lakini tulikuwa na transfa kamili iliyokuja na giaboksi, kwa hiyo tukaitumia hiyo tukahangaika na levi. Mtu akikuuzia H55F peke yake bila transfa, mpe bei ya chini, au ujue kuna safari nyingine ya spea inakusubiri.

Kuishusha ya zamani tulianza Jumamosi asubuhi. Fundi wangu ni kijana wa pale pale Karatu, mtulivu, hana maneno mengi, amekulia chini ya hizi gari. Siti zikatoka, kifuniko cha sakafu kikatoka, propela zote mbili, kebo ya spidi mita, slevu ya klachi (ile pampu ndogo ya chini inayosukuma klachi). Kabla ya kufungua propela alichukua nyundo na tindo akaweka alama kwenye kila flenji, huku na huku, akaniambia kaka bila hizi alama gari itatetemeka na hutajua kwanini. Giaboksi na transfa kwa pamoja ni zaidi ya kilo 100, ni mzigo ambao ukimwangukia mtu humuongelei tena, kwa hiyo tuliweka chenibloku juu kupitia mlangoni na jeki chini, watu wanne, polepole. Naomba sana mtu asijaribu hii kazi na jeki moja na vijana wawili wa mtaani. Nimeona mtu aliyepoteza vidole.

Ikiwa chini tukafanya yale ambayo ni dhambi kuyaacha. Flaiwili ilipelekwa kwa mkerezaji ikapigwa fesi, sili ya nyuma ya krenki ikabadilishwa (ilikuwa imeanza jasho), beringi ndogo ya katikati ya krenki ikabadilishwa, beringi ya klachi, klachi pleti mpya, presha pleti mpya. Hesabu meno ya klachi pleti na meno ya shafti ya giaboksi kabla ya kuondoka dukani, ichukue shafti mkononi uende nayo ikibidi. Kuisimamisha pleti katikati tulitumia shafti ya ile giaboksi ya zamani, hiyo ndo geji bora kuliko yoyote.

Halafu nikafanya kosa. Fundi alikuwa ameenda kula, mi nikasema nisimsubiri nikafunga pleti na presha mwenyewe, nikakaza bolti zote kwa mzunguko kama inavyotakiwa, najisikia vizuri kabisa. Jumapili jioni giaboksi imepanda, imekazwa, tumewasha gari, nakanyaga klachi mpaka chini gia haiingii, inakwaruza tu. Tukatoa hewa kwenye slevu. Tukarekebisha fimbo. Hakuna. Fundi akakaa kimya akaniuliza kwa upole, kaka ile pleti uliiweka upande upi. Nilishtuka. Upande wenye springi zilizotoka nje unatakiwa uangalie presha pleti, mi nilikuwa nimeugeuza kwenye flaiwili. Ilibidi vyote vishushwe tena. Niliwaambia vijana waende nyumbani nitawalipa siku nyingine nzima, na Jumatatu tukarudia kila kitu. Yule fundi hakunisema hata neno moja na mimi heshima hiyo sitaisahau. Kwenye pleti nyingi pameandikwa upande wa flaiwili, soma kabla hujafunga.

Kipimo kilichonitia wasiwasi tangu mwanzo ni urefu, kwa sababu H55F ni ndefu kuliko ile ya gia nne. Kwenye gari yetu flenji za transfa zilirudi nyuma karibu sentimita 3. Kwa kuwa belihauzingi ni ile ile, mauntingi za injini hazikuguswa, injini imekaa pale pale ilipokaa tangu kiwandani. Ila propela ya nyuma sasa imekuwa ndefu na ya mbele imekuwa fupi. Wengi wanasema acha tu, propela ina sehemu ya kuteleza itajirekebisha yenyewe. Hapana bana. Ya nyuma ikibanwa hivyo siku ukiwa na tani nzima unaingia shimo, springi zinashuka, propela inakosa pa kuteleza, inaisukuma transfa kwa mbele, ni kupasua beringi au nyumba ya transfa yenyewe. Tukapeleka zote mbili Arusha kwa mkerezaji, ya nyuma ikakatwa, ya mbele ikaongezwa, zikachomelewa zikapigwa balansi, na krosi zote mpya. Uzuri wa pikapu hizi ni ndefu, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni milimita 2,950, propela ya nyuma ni ndefu kwa hiyo kukata sentimita tatu hakubadilishi pembe ya krosi kiasi cha kukusumbua. Mwenye Land Cruiser fupi ya umri huu yeye ana kazi zaidi.

Levi ya gia na levi ya transfa zilitaka tundu jipya kwenye kifuniko cha sakafu. Tulikata, tukachomelea kipande cha bati, tukapiga rangi, tukavisha raba. Kazi ya nusu siku, sina mengi.

Oili sasa. Hii inaonekana ndogo lakini ndo inayoua giaboksi zilizofufuliwa kwa gharama. Inaingia karibu lita tano, na watu wengi wanamimina ile ile wanayoweka kwenye difu. Oili ya difu kawaida ni GL-5, ina dawa nyingi za salfa kwa ajili ya meno ya difu yanayosuguana kwa nguvu, na hizo dawa nyingi si rafiki wa shaba, na ringi zako za sinkro ni shaba. Tafuta iliyoandikwa GL-4, 75W-90 au 80W-90. Duka la tatu ndo nikaipata. Kitu kingine, kati ya giaboksi na transfa kuna sili, na ikichoka oili ya giaboksi inahamia kwenye transfa taratibu bila tone hata moja kuanguka chini, wewe unaona gari kavu unafurahi kumbe giaboksi inabaki tupu na transfa imejaa kupita kiasi. Kwa hiyo kila mwezi nafungua nati za kujazia zote mbili napima kwa kidole. Oili inatakiwa ifike mdomoni mwa tundu, kwenye transfa isimwagike nyingi ukifungua. Ikimwagika nyingi jua imehama.

Safari ya kwanza tulienda mi na Mzee, wiki moja baadaye, gari tupu kwenda na mifuko ya saruji kurudi. Kuanzia Rhotia kushuka sikuona tofauti, gia ni zile zile. Tulivyovuka Makuyuni nikaweka ya nne, 70, nikakanyaga klachi nikasukuma levi kulia kabisa mbele, ikaingia kama kijiko kwenye asali. Aisee. Injini ikashuka sauti. Sio ikanyamaza, 2H hainyamazi, lakini ikashuka ikawa inanguruma kwa chini, na spidi iko pale pale. Nilimwangalia Mzee, alikuwa ameshika dashibodi kwa mkono mmoja kama anavyofanya siku zote, akaondoa mkono. Akaanza kunihadithia habari za barabara hii ilivyokuwa vumbi tupu, jinsi walivyolala siku mbili wamekwama na mzigo wa vitunguu unaota. Miaka yote nimepita naye njia hii na sijawahi kuisikia hiyo habari, kwa sababu ilikuwa haiwezekani kusikia kitu humu ndani.

Kurudi na saruji ndo nikaijua mipaka yake. Gia ya tano na mzigo kwenye kilima, hata kilima kidogo, usiilazimishe. 2H haina ubavu huo, ukiing'ang'aniza mizunguko inashuka chini ya 1,600, moshi mweusi unatoka, joto linapanda, unaichosha injini uliyotaka kuilinda. Rudisha ya nne mapema. Na kwenye kupanda Mto wa Mbu pale kwenye mibuyu tulipanda kwa ya pili na mara moja ya kwanza, sawasawa na zamani, Mzee akatikisa kichwa akasema sawa.

Mafuta kwa safari ile ya Arusha kwenda na kurudi yamepungua, nimepima safari sita kwa kujaza mpaka mdomoni, inaokoa kati ya lita tatu na nne. Sio hela ya kutajirisha mtu. Ila gari inafika haijachoka na sisi pia.

Kilichobaki ni mkono wa Mzee. Rivasi sasa iko kulia kabisa chini ya gia ya tano, na mkono wake una miaka zaidi ya ishirini unaitafuta kwingine. Nimembandikia mchoro wa gia kwenye dashibodi kwa rangi nyeupe. Giaboksi ya zamani tumeiosha, tumeijaza oili, tumeifunga kwenye mfuko wa salfeti iko stoo nyuma ya magunia ya mahindi, kuna jamaa wawili wamekuja kuiulizia Mzee amekataa kuiuza. Mwezi ujao tukijaaliwa tunashusha stelingi boksi, ina uchezaji wa karibu robo mzunguko na kwa spidi hizi mpya hilo silipendi kabisa.